Mtoto akae nyumba gani? Historia ya Uskoti na swali letu



Kwenye mkutano mkubwa unaokuja tutaulizwa neno moja: komite ya watoto iingie ndani ya kasha moja la msaada, pamoja na wajane, wazee na wagonjwa, ao ibaki peke yake kama tulivyoianzisha? Wenye kutaka kasha moja wanasema tutapunguza matumizi na mabishano, na tena shida ya mtoto haitoki mbali na shida ya mama yake. Wenye kukataa wanasema siku muzee akihitaji operasio, pesa ya shule njo itatoka kwanza. Pande zote mbili zina sababu.

Kuna nchi moja ya Ulaya ambayo imezunguka ndani ya swali hili zaidi ya miaka 60. Ni Uskoti, ile wengine kwetu wanaiita Ekosi, upande wa kaskazini wa Uingereza. Ni watu milioni 5 na nusu hivi. Wana pesa ambayo siye hatuna, lakini tukitazama namna walivyowahamisha watoto wao kutoka nyumba moja ya serikali kwenda ingine, tutaona mambo ambayo tunayajua.

Tuanze zamani. Karne ya 19, mtoto maskini wa Glasgow mwenye kukosa wazazi, ao mwenye wazazi walioonekana hawafai, alikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza: parokia ilimpeleka kwa wakulima wadogo wa milimani na visiwani, mbali sana na ndugu zake, na wakulima wale walilipwa kidogo juu yake. Wakubwa walifikiri kumtenga na jamaa yake ni dawa. Njia ya pili: nyumba za mayatima. Muuza viatu mmoja wa Glasgow, William Quarrier, alianza nyumba yake katika miaka ya 1870, kisha akajenga kijiji kizima cha watoto huko Bridge of Weir. Alikuwa na moyo wa kusaidia, hakuna mwenye kukataa. Lakini watoto karibu 7,000 kutoka nyumba zile walipandishwa meli kwenda Kanada, na wengi wao hawakuona ndugu zao tena. Sisi wenye kupanda meli tukiwa wadogo hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Vita ya pili ya dunia ilipokwisha, serikali iliunda komite ya kuchunguza watoto wasio na makao. Kiongozi wake alikuwa mwanasheria James Clyde, na raporti ilitoka mwaka 1946. Ilisema mtoto anafaa kukaa ndani ya familia njema kuliko ndani ya jumba kubwa. Ikaonya pia kwamba kuwatupa watoto wa mji kwenye mashamba ya mbali, mahali wanapogeuka wafanyakazi bila mshahara, ni vibaya. Sheria ya mwaka 1948 ikaleta idara ya watoto katika kila halmashauri, yaani serikali ya mahali, kama vile komini kwetu, ila zile zina uwezo mkubwa. Kwa mara ya kwanza mtoto alipata nyumba yake mwenyewe katika serikali, tofauti na ile ya maskini wote.

Lakini idara zile nyingi zilikuwa ndogo sana. Na mtoto mwenye kuiba alipelekwa kortini, wakati mtoto mwenye kupigwa nyumbani alipelekwa idarani, hata kama wote wawili walikuwa wa mama mmoja. Kwa hiyo jaji mmoja, Lord Kilbrandon, akapewa kazi ya kutafuta njia. Raporti yake ya mwaka 1964 ilisema jambo ambalo lilishangaza wengi: mtoto mwenye kukosa na mtoto mwenye kukosewa wanafanana, wote wana shida ya malezi. Basi wasikilizwe mahali pamoja, na si mbele ya hakimu, bali mbele ya watu wa kawaida wa mtaa.

Hapa njo swali letu linatokea. Huduma za watoto ziwekwe wapi? Kilbrandon alitaka ziwe chini ya elimu, karibu na shule, kwa sababu shule inamuona mtoto kila siku. Serikali ilikataa sehemu ile. Ilisema mtoto hatengani na nyumba yake: baba mlevi, nyanya mgonjwa na mtoto mtoro wanalala chini ya paa moja, basi asistanti sosiali mmoja awajue wote. Kwa sheria ya mwaka 1968, idara za watoto zikaunganishwa na zile za wazee na walemavu, pamoja na wasimamizi wa wahalifu walioachiwa. Ikawa idara moja ya kazi za kijamii kwa watu wa umri wote. Kwa maneno mengine, Uskoti ilichagua kasha moja.

Lakini tusisahau kitu ambacho walikiacha pembeni. Baraza la kumsikiliza mtoto, lenye kuanza kazi mwaka 1971, halikumezwa na idara ile. Watu watatu wa kawaida, wenye kujitolea bila mshahara, wanakaa mezani na mtoto na wazazi wake, wanauliza, wanasikiliza, kisha wanaamua. Idara inatoa maoni, na baraza linaweza kuamua tofauti na maoni yale. Hata leo baraza lile liko, na watu wengi wanajitolea humo.

Je, idara moja ilitosha? Hapana. Mwezi wa pili mwaka 1991, katika visiwa vya Orkney, polisi na maasistanti sosiali walifika alfajiri wakawachukua watoto 9 wa familia 4, wakawapandisha ndege kwenda mbali, juu ya tuhuma nzito ambazo kesi yake ilianguka. Walirudishwa kwao mwezi wa nne. Mwenye kuongoza uchunguzi uliofuata alikuwa jaji James Clyde. Ndiyo, jina lile lile: ni mwana wa yule Clyde wa mwaka 1946. Baba alichunguza watoto wenye kutengwa na jamaa zao, na miaka 46 baadaye mwana naye akatoa raporti juu ya watoto wenye kutengwa na jamaa zao. Idara zilikuwa zimebadilika mara nyingi katikati, lakini watoto bado walikuwa wanaamshwa usiku bila kuelezwa. Mwaka 1995 sheria mpya ya watoto ikatoka, na uchunguzi ule ulichangia.

Baadaye mambo yakagawanyika tena. Sheria ya mwaka 2014 iliamuru huduma za afya na za matunzo ya watu wazima zifanye kazi pamoja katika kila eneo. Juu ya watoto, kila eneo liliachiwa lichague. Glasgow iliwatia watoto ndani. Edinburgh iliwaacha upande wa halmashauri. Eneo la Highland lilikuwa limegawanya kwa njia yake tangu mwaka 2012: watu wazima kwa shirika la afya, watoto kwa halmashauri. Nchi moja, njia tatu.

Sasa tunafika karibu na leo. Mwezi wa pili mwaka 2020, baada ya miaka mitatu ya kusikiliza watu zaidi ya 5,000, wengi wao wenye kulelewa nje ya nyumba zao, ilitoka raporti yenye kuitwa Ahadi. Ilisema mtoto asikilizwe, abaki na jamaa yake kama ni salama, ndugu wasitenganishwe. Serikali ilikubali itimize ile ahadi kufika mwaka 2030. Mwaka mmoja nyuma yake ikatoka raporti ingine, ya Derek Feeley, yenye kupendekeza Huduma ya Taifa ya Matunzo, ikiwa sawa na ile huduma ya afya ya taifa. Feeley alikuwa ametumwa kutazama watu wazima tu. Lakini mwezi wa nane mwaka 2021, serikali ilipouliza wananchi, ilikuwa imeongeza watoto ndani ya mpango.

Mabishano yakawa makali. Wenye kutaka walisema: mama mwenye kutumia madawa ya kulevya akitibiwa na huduma ya taifa, na mtoto wake akibaki kwa halmashauri, nani atawaona pamoja? Na kijana akitimiza miaka 18, asianguke katika shimo lililo kati ya nyumba mbili. Wenye kukataa walisema: shule ziko kwa halmashauri, ukimuondoa mtoto huko, unaziba shimo moja na kuchimba lingine. Tena Ahadi inataka kazi ifanyike sasa, na kuhamisha maofisi kunakula miaka. Sheria iliyopelekwa bungeni mwezi wa sita mwaka 2022 iliacha mlango nusu wazi: watoto wangeweza kuhamishwa baadaye, baada ya kuuliza watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde walitazama nchi mbalimbali, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba hakuna mpangilio mmoja wa maofisi wenye kuhakikisha maisha bora ya mtoto peke yake.

Mwishowe nyumba yenyewe haikujengwa. Halmashauri na vyama vya wafanyakazi vilipinga, vyama vya bungeni vikaondoa mkono, na mwezi wa kwanza mwaka 2025 serikali ikatangaza kuacha mpango wa shirika la taifa. Sheria yenye kupita mwezi wa sita mwaka ule ilibaki na mambo machache mazuri, kama haki ya watu wenye kukaa katika nyumba za matunzo kutembelewa na jamaa zao. Watoto walibaki pale walipokuwa. Kwa maoni yangu, ilikuwa vema wasiingizwe kwa mlango wa nyuma katika mpango uliofikiriwa juu ya watu wazima. Lakini kubaki pale pale si dawa, na deni la mwaka 2030 liko bado.

Turudi kwetu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iko na iliunda korti za watoto, lakini mtoto wa mrudiaji anakutana kwanza na sisi, si na korti. Na sisi tunajua mambo ya dosie. Kambini mama alikuwa na karatasi ya chakula kwa watu hawa, mtoto wake dhaifu aliandikwa kwa wale, na yule yatima waliyemlea alikuwa na dosie kwa wengine tena. Siku ya kurudi, kila mtu alifikiri mwenzake ameibeba. Watoto wengine walishuka bandarini bila mtu kujua wamlete kwa nani.

Kwa hiyo sitasema "unganisha" ao "usiunganishe" kabla hatujajibu maswali matatu. La kwanza: tukiunganisha, ni nani kwa jina atamjua kila mtoto tuliyemuandika, na atabaki naye mwaka mzima? La pili: kuna sehemu ya pesa ambayo hata ugonjwa wa mkubwa hautaigusa? La tatu: watoto wenyewe tumewauliza? Uskoti walipofaulu mwaka 1971, ni kwa sababu waliunganisha kazi lakini wakaacha meza ya mtoto isimame peke yake.

Mimi nitapiga kura kwa kasha moja ikiwa majibu haya yameandikwa katika kitabu cha chama. Yasipoandikwa, nitakataa. Na ninaomba kabla ya mkutano, komite ipite katika kila familia yenye kulea mtoto wa mwingine, imuulize mtoto mwenyewe, si mlezi tu. Kazi ile inaweza kuanza juma hili, na haihitaji kura.