Sabato kwa Mtu wa Kipato cha Siku: Pumziko la Kikristo Mjini Bukavu

Mahubiri kuhusu Sabato mjini Bukavu huishia mara nyingi kwenye maswali mawili: siku ipi, na kazi ipi imekatazwa. Wasabato hushika Jumamosi. Wakatoliki na makanisa mengi ya Kiprotestanti hushika Jumapili, na ubishi kati yao una historia ndefu nisiyokusudia kuiingilia. Ninachodai ni kwamba maswali yote mawili yanaliacha pembeni lile ambalo Torati inalitanguliza: nani ana uwezo wa kumpumzisha nani? Katika mji ambamo wengi hula jioni walichokipata mchana, amri ya Sabato haitimizwi na mtu mmoja mmoja. Inaibana jumuiya nzima, na kwanza kabisa wenye mishahara, wenye nyumba na wenye mimbari.

Amri hiyo imetolewa mara mbili, kwa sababu mbili. Kutoka 20 inaegemea uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, akastarehe ya saba. Kumbukumbu la Torati 5 inaegemea Misri: Israeli apumzike kwa kuwa alikuwa mtumwa akatolewa. Katika sura zote mbili wametajwa mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama, hata mgeni aliye malangoni; na Kumbukumbu la Torati inaongeza kusudi, kwamba mtumwa apate kupumzika sawasawa na bwana wake. Anayesemeshwa hapo ni mwenye nyumba. Haambiwi tu aache kazi. Anaambiwa asiifanye siku yake ya raha kuwa mzigo wa mwingine. Mke hatajwi katika orodha hiyo, na wafafanuzi wamebishana kwa nini. Kwetu ukimya huo umegeuka kuwa desturi.

Tazama Jumapili ya nyumba nyingi za waumini. Baba ametoka ibadani, ameketi. Mama ametoka ibada ileile, na sasa anasonga bugali na kukaanga sambaza, samaki wadogo, kwa ajili ya wageni. Binti anateremka na bidoni kutafuta maji, kwa sababu bomba la mtaa halitoi kitu. Ikiwa nyumba iko katika mitaa ya Nguba au Muhumba na ina geti, mlinzi wake amekesha, na asubuhi hakuna aliyempokea ili naye aende kusali. Nyumba hiyo imeshika siku. Sabato haijaishika.

Luka 13 inasimulia kuhusu mwanamke aliyepindana mgongo miaka kumi na minane, asiweze kujiinua. Yesu alimfungua katika sinagogi siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi akakasirika. Jibu la Yesu lilikuwa kali: ng'ombe na punda hufunguliwa siku hiyo wakanywe maji, vipi binti wa Ibrahimu? Sijui andiko linalosomeka kwa uzito zaidi katika mji huu, ambamo wanawake hupanda vilima vya Kadutu wameinama chini ya magunia, mkanda wa mzigo ukiwa umekaza kwenye paji la uso. Kwa Yesu, kumwinua aliyeinama hakukuwa ruhusa ya kuivunja Sabato. Ndiyo Sabato yenyewe. Kanisa linalomkemea mama huyo kwa kubeba mzigo Jumapili, bila kuuliza watoto wake watakula nini Jumatatu, limekaa kwenye kiti cha mkuu wa sinagogi.

Hapa ndipo hoja inapogusa fedha. Katika Kutoka 16, kabla ya Sinai, Israeli walipewa mana ya siku moja moja, lakini siku ya sita walipata maradufu. Pumziko lilitanguliwa na chakula. Anayeuza sambaza hana siku ya sita ya namna hiyo: mtaji wake ni mdogo, samaki huoza, na mkopo wa asubuhi unadaiwa jioni. Sheria nayo haimfikii. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mwajiriwa pumziko la kila juma, lakini muuzaji wa kando ya barabara hana mwajiri wa kumdai. Upungufu huu ni wa zamani: Konstantino alipoamuru pumziko la Jumapili mwaka 321, aliwafungia kazi mahakimu na mafundi wa mijini, akawaacha wakulima mashambani waendelee.

Kwa hiyo jumuiya ya waumini ndiyo itakayoandaa fungu la siku ya sita, na chombo tayari kipo. Kivu Kusini imejaa vikundi vya mshikamano viitwavyo MUSO, vyenye sanduku la kijani la mikopo na sanduku jekundu la misaada, ambalo hufunguliwa kwa msiba, ugonjwa au uzazi. Naona hakuna sababu ya kitheolojia ya kuliacha pumziko nje ya sanduku jekundu. Kikundi cha parokia au cha kusanyiko kinaweza kuwalipia kwa zamu wanachama wake wa kipato cha siku, ili kila mmoja apate siku yake bila njaa. Sadaka ya namna hiyo ni ibada.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia pumziko ni anasa wakati wa vita. Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, waasi wa M23 waliushika mji. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na watu wengi wakajikuta hawana kazi. Huko ni kunyimwa kazi, na asiye na kazi hapumziki. Anahangaika akiwa amekaa. Bukavu inajua pia kusimama kwa hiari. Mwanzoni mwa mwaka 2000 wakazi walifunga maduka na shule wakipinga utawala wa waasi wa RCD, na Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyeshutumiwa kuwachochea, akapelekwa uhamishoni Butembo. Mji uliowahi kusimama pamoja kwa ajili ya haki hauwezi kusema kwamba kusimama pamoja mbele za Mungu hakuwezekani. Na mana yenyewe ilitolewa jangwani, kwa watu wasio na nchi wala usalama.

Makanisa nayo yajichunguze. Ibada ya saa nyingi, kisha mazoezi ya kwaya, kisha kikao cha kamati, humrudisha muumini nyumbani amechoka zaidi kuliko Ijumaa.

Ndugu wachungaji na mapadre, mtakapohubiri tena juu ya Sabato, msianze na muuza samaki. Anzeni na sisi wenye mageti: mtuulize mlinzi wetu yuko wapi saa hiyo, na nani amebaki jikoni.