Mashine ya ngazi ilianzia jela, na bado ina maswali ya kujibu

Kila Januari lazima uone vidio ya mtu akipanda ngazi jimu, jasho linatiririka, na chini ameandika "hakuna visingizio". Mimi sina shida na yeye, apande tu. Lakini wasee, kuna kitu huwa hatuambiwi kuhusu hiyo mashine ya kupanda bila kufika popote. Haikuanzia jimu. Ilianzia jela, na mtu wa kwanza kuipanda hakuwa amelipia uanachama.

Nilianza kuifuatilia hii stori kwa sababu niliitwa kutengeneza moja hapa Kedowa. Nitafika hapo. Kwanza tupige safari kidogo.

Mwaka 1818, injinia Muingereza anaitwa William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya wafungwa. Fikiria pipa refu sana limelazwa, na kwa nje limepigwa vidato kama ngazi. Wafungwa wanasimama kwa mstari, wameshika chuma cha juu, wanakanyaga kidato. Kidato kinashuka kwa uzito wao, kwa hivyo lazima wapande kinachofuata, na kinachofuata, na kinachofuata. Hakuna kupumzika katikati, maana pipa linaendelea kuzunguka na usipoinua mguu linakugonga. Jela ya Bury St Edmunds ililiweka mapema, na mwaka 1821 likafika Brixton, London. Ndio maana Waingereza wakaiita kinu cha kukanyaga, na ndilo jina ambalo tredmili ya jimu inabeba mpaka leo.

Sasa sikia hii. Kwa jela zingine gurudumu lilisaga nafaka kweli, au kupiga maji. Kwa zingine halikufanya kitu chochote. Watu walipanda masaa na masaa na nguvu yao ikaishia hewani. Na hiyo haikuwa ajali. Wakubwa wa jela wengine waliona kazi isiyo na faida ndiyo adhabu kali zaidi, kwa sababu inamchosha mtu mwili na pia inamwonyesha kwamba jasho lake halina maana. Oscar Wilde, yule mwandishi maarufu, alipofungwa mwaka 1895 kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu, aliwekwa kwa hilo gurudumu. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoanza kulifungia mlango Uingereza.

Lakini kabla ya hapo lilikuwa limeshasafiri. New York walilitumia kuanzia 1822. Halafu Jamaica, na hapa ndipo mimi nilikasirika. Uingereza ilitangaza mwisho wa utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1834, lakini watu waliokuwa watumwa hawakuachiliwa moja kwa moja. Waliitwa "wanagenzi", wakaambiwa waendelee kumfanyia kazi bwana yuleyule kwa miaka kadhaa. Aliyekataa au kuchelewa alipelekwa kwenye gurudumu. Kijana mmoja anaitwa James Williams alisimulia mambo haya, na simulizi yake ikachapishwa mwaka 1837. Alikuwa na miaka kama 18. Mwaka uliofuata, Agosti 1838, huo mpango wa uanagenzi ukavunjwa. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema mashine ni mashine tu, haina siasa, mkumbushe kijana wa Jamaica.

Sasa ilitokaje jela ikaingia sebuleni kwetu? Jibu langu ni makanga.

Niko serious. Baada ya vita vya pili vya dunia, daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa siku nzima. Makanga anapanda na kushuka ngazi za basi kukusanya nauli, mamia ya vidato kwa zamu moja. Basi moja, kampuni moja, mtaa mmoja. Matokeo yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1953: makanga walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata uliwajia wakiwa wamezeeka zaidi na haukuwa mkali vile. Kabla ya hapo watu wengi hawakufikiria kwamba kukaa tu kunaweza kukuua.

Baada ya hapo biashara ikaona mlango. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Kenneth Cooper, akatoa kitabu chake Aerobics, na watu wa ofisini wakaanza kukimbia. Miaka ya 1980 kampuni ya StairMaster ya Tulsa, Oklahoma, ikaleta mashine za ngazi jimu. Ona venye imegeuka: kile mfungwa alilazimishwa kufanya, sasa mtu analipa kukifanya, kwa sababu kazi yake ya kila siku haimtoi jasho tena.

Sasa turudi Kedowa.

Mwenye mashine ni jirani yetu, mama wa miaka 60 na kitu, sote tunamuita Gogo. Alichuma chai zaidi ya miaka 20 kwenye shamba moja kubwa huku Kericho, mpaka kazi ya mikono ikapungua. Kliniki wakamwambia sukari iko juu, afanye mazoezi kila siku. Msimu wa mvua njia zetu ni tope tupu, na jioni giza linaingia mapema, kwa hivyo kijana wake aliye Ghuba akamtumia pesa ya mashine ndogo ya ngazi ya mitumba. Ile ya pedali mbili, unakanyaga kushoto, kulia inapanda. Ilimfaa miezi michache, halafu ikaanza vituko.

"Kijana wangu, mguu wa kushoto unaanguka tu kama shimo," akaniambia. "Na wewe si ulikuwa unasomea mashine?"

Nilikuwa nasomea, ndio. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ikiwa imekwama, lakini spana hazijui hiyo.

Niwaeleze venye hizi mashine zinafanya kazi, maana ziko kwa nyumba nyingi zikitumika kuanikia nguo. Chini ya kila pedali kuna silinda yenye mafuta ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma mafuta yapite kwa tundu dogo, na hayo mafuta yanakataa kupita haraka. Huo ukataaji ndio uzito unaousikia. Katikati kuna waya wa chuma unaopita kwa puli na kuunganisha pedali mbili, ndio moja ikishuka nyingine inapanda. Basi. Hakuna uchawi, hata stima haitumii. Kinachotumia betri ni kile kisaa cha kuhesabu hatua.

Kwa hivyo dalili zinakuambia mahali pa kuangalia. Pedali zikikataa kupokezana, angalia waya na puli. Zikilia kama mlango wa zamani, ni vishikizo vya kwenye ekseli vimekauka, pangusa na upake grisi. Kisaa kikikataa kuhesabu, badilisha betri, halafu uangalie kasumaku kadogo kwenye pedali kama kamesogea mbali na waya wa kisaa. Pedali zote mbili zikilegea baada ya dakika 20, hiyo si lazima iwe ugonjwa. Mafuta yamepata moto yakawa mepesi, iache ipoe. Lakini pedali moja ikianguka peke yake hata kabla mashine ipate moto, shuku silinda.

Ya Gogo niliipindua. Waya mzima. Puli sawa. Silinda ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta, na mkeka chini yake una doa. Bado hiyo haitoshi, maana doa linaweza kuwa la zamani. Nikafungua silinda zote mbili nikazibadilishana, ya kushoto ikaenda kulia. Nikakanyaga. Sasa upande wa kulia ndio ukaanza kuanguka. Ugonjwa umehama pamoja na silinda, basi si fremu, ni silinda. Hiyo mbinu haina gharama na inakuokoa kununua kitu usichohitaji.

Silinda hizi huwa zimefungwa kiwandani, si za kujazia mafuta. Nilipima urefu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, nikapima unene wa bolti, na tukapata jozi inayolingana kwa mashine kuukuu ya mitumba Nakuru. Nilibadilisha zote mbili, kwa sababu silinda mpya na iliyochoka hazivuti sawa na mtu anaanza kuchechemea.

Tulipomaliza Gogo akaijaribu dakika 10. Nikamwambia aguse silinda kwa uangalifu. Ilikuwa moto.

"Huo moto ndio kazi yako," nikamwambia. "Nguvu ya miguu yote inaishia hapo."

Akacheka. "Kwa chai angalau kulikuwa na mizani."

Hiyo sentensi sijaimaliza kichwani. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 akishusha pedali sentimita 15 kwa uzito wake wote, ametoa kama jouli 88. Hiyo ni nguvu ya kuinua lita moja ya maji karibu mita 9, ukiacha inayopotea njiani. Hatua moja, lita moja. Kwenye mashine ya Gogo, ni joto tu.

Na mtu alishafikiria hilo hapa Kenya. Pampu ya kukanyaga ilianza kuenea Bangladesh miaka ya 1980, pedali mbili za mianzi zikivuta maji ya kumwagilia mashamba. Mwaka 1991 Martin Fisher na Nick Moon wakaanzisha ApproTEC Nairobi, ambayo sasa inaitwa KickStart, na miaka hiyo ya 1990 wakatoa pampu ya MoneyMaker. Iangalie vizuri: pedali mbili, silinda mbili, kushoto ikishuka kulia inapanda. Ni mashine ya mazoezi inayomwagilia sukuma. Hata ugonjwa wake unafanana: raba ya pistoni ikiisha, pedali inaanguka kama shimo.

Kwa hivyo mwendo wa mguu ni uleule Brixton, Jamaica, Tulsa na Kedowa. Kinachobadilika ni kama unaweza kushuka ukitaka, na jasho lako linaenda wapi. Mfungwa hakuweza kushuka. Mkulima mwenye pampu anashuka akitaka na maji yamefika shambani. Gogo pia anashuka akitaka, lakini yeye sasa ananunua kile alichokuwa analipwa kukifanya.

Msinielewe vibaya. Sisemi kuchuma chai kulikuwa jimu ya bure. Mgongo wa Gogo unajua ukweli, na hakuna mtu wa kumtamania mwanawe kikapu. Mei 2023 mashine za kuvuna chai zilichomwa hapa Kericho, na watu mtandaoni wakacheka, ati washamba wanaogopa teknolojia. Hawakuwa wanaogopa teknolojia. Walikuwa wanauliza: hiyo kazi mashine imetutolea, mshahara wake umeenda kwa nani? Hilo ni swali la injinia kabisa. Nguvu haipotei, inahama. Ukiona imetoka mahali, tafuta ilikoingia, venye tulivyobadilisha silinda tukaona ugonjwa unahamia wapi.

Kwa hivyo ukiwa na mashine ya ngazi iliyokufa nyumbani, usiitupe. Ipindue, angalia mafuta, badilishana silinda, paka grisi, mpe mama yako aipande. Na siku mtu atakuambia mashine mpya imekuja kupunguza kazi kazini kwenu, msikize vizuri mpaka mwisho, halafu umuulize mizani iko wapi.