Mpiga besi aliyedai jasho lake

Bendi inapopiga, macho ya watu humwendea mwimbaji, kisha mpiga gitaa la solo. Mpiga besi husahaulika. Lakini mwambie anyamaze kidogo uone: muziki mzima utapwaya kama nguo ya kuazima. Leo, wapenzi wasikilizaji, nataka tumzungumzie mpiga besi mmoja wa Chicago, Marekani, ambaye kwa miaka mingi dunia ilicheza nyimbo zake bila kumjua. Huyo ni marehemu Willie Dixon.

Alizaliwa Julai 1, 1915, mjini Vicksburg, jimbo la Mississippi. Akiwa kijana alifundishwa kuimba na fundi seremala aliyeongoza kikundi cha nyimbo za dini. Dixon alipewa sauti ya chini kabisa, na kikundi hicho kilisikika katika redio ya mji wao. Mwaka 1936 alifuata njia ya maelfu ya Wamarekani weusi walioukimbia ubaguzi na umaskini wa Kusini, akahamia Chicago. Alikuwa pande la mtu, akaingia katika ndondi, na mwaka 1937 akatwaa ubingwa wa Golden Gloves wa jimbo la Illinois, uzito wa juu, kwa mabondia wanaoanza.

Huko huko kwenye ndondi alikutana na mwanamuziki Leonard Caston, aliyemtengenezea besi yake ya kwanza. Ilikuwa kopo la bati lenye uzi mmoja. Ngumi zikawekwa kando. Vita Kuu ya Pili ilipomfikia, alikataa kuingia jeshini, akisema hawezi kuipigania nchi inayowabagua watu wake. Kwa msimamo huo alifungwa jela kwa miezi kama kumi.

Baada ya vita, wahamiaji kutoka Mississippi walikuwa wamejaza mitaa ya kusini mwa Chicago, na gitaa lao la kijijini sasa lilitiwa umeme ili lisikike katika kelele za baa. Ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess, waliona biashara hapo, wakaanza kutoa santuri. Dixon akawa mtu wao wa kazi zote: kupiga besi, kupanga muziki, kutafuta vipaji na kutunga. Besi yake imo katika santuri maarufu za Chuck Berry. Mwaka 1954 alimpa Muddy Waters wimbo "Hoochie Coochie Man". Mwenyewe alisimulia kwamba alimfundisha wimbo huo chooni, wakati wa mapumziko, katika klabu ya Chicago iliyoitwa Zanzibar. Howlin' Wolf naye aliimba "Spoonful" na "Little Red Rooster".

Kisha nyimbo hizo zikavuka bahari. Mwaka 1964 vijana wa Uingereza, Rolling Stones, walirekodi "Little Red Rooster", ikafika namba moja nchini mwao. Mwaka 1969 Led Zeppelin walitoa "Whole Lotta Love", yenye maneno yaliyofanana mno na wimbo wa Dixon alioutunga na kuimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina lake halikuwemo.

Wako watakaosema muziki wa blues ni kisima cha kijiji, kila mtu huteka. Ni kweli kwa kiasi fulani. Hata "Spoonful" ilichota kwa mwanamuziki wa zamani, Charley Patton. Lakini nionavyo mimi, kuteka maji ni jambo moja, na kuweka kufuli kwenye kisima kisha kumuuzia maji aliyekichimba ni jambo jingine. Fedha zinapoingia, jina linaloandikwa chini ya wimbo huwa hati ya shamba. Asiye na hati atalima, na mwingine atavuna.

Dixon alilitambua hilo akiwa mtu mzima, naye hakuishia kulalamika. Mwaka 1977 yeye na Muddy Waters waliishitaki Arc Music, kampuni iliyosimamia haki za nyimbo zao, kwa sababu ya malipo madogo. Shauri likaisha kwa maelewano, wakaanzisha kampuni yao wenyewe. Mwaka 1985 aliwashitaki Led Zeppelin, na miaka miwili baadaye wakapatana nje ya mahakama. Leo jina lake linasomeka kwenye wimbo ule.

Zaidi ya hayo, alianzisha taasisi ya Blues Heaven, kuwasaidia wanamuziki wenzake na familia zao kudai haki zao. Alifariki Januari 29, 1992. Mwaka uliofuata mjane wake alilinunua jengo la zamani la Chess, namba 2120 South Michigan Avenue, likawa makao ya taasisi hiyo. Aliyekuwa mwajiriwa ndani ya nyumba ile, jina lake ndilo lililobaki likiitunza.

Kwa hiyo, wewe mpiga besi unayenisikiliza, endelea kusimama nyuma ya bendi, maana ndipo kazi yako ilipo. Lakini karatasi za mkataba zikiletwa, sogea mbele, soma, na uandike jina lako.