Tembe la Nani? Nyumba ya Kwihara na A-Unganifu



Nikiwauliza wanafunzi wangu maana ya neno tembe, wengi hunijibu kuwa ni kidonge cha dawa. Hawakosei. Lakini Kiswahili kina neno jingine tembe, la ngeli ya LI-YA, ambalo maana yake ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, ijulikanayo sana katika nyanda za kati na magharibi mwa Tanzania. Jioni ya leo ninawaalika tuingie katika tembe moja, lililoko Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini.

Mgeni hupokewa na mlango wa mbao wenye nakshi za mwambao, kisha hukuta ua na vyumba. Nyumba hii imehifadhiwa kuwa makumbusho, na jina lake ni Tembe la Livingstone. Safari yangu ya kwanza nililipita jina hilo bila kulitafakari. Safari ya pili, kile kijineno “la” kilinisimamisha mlangoni.

Sarufi inatufundisha kwamba a-unganifu ina kazi nyingi. “Nyumba ya Juma” hutaja mwenye mali, “nyumba ya mawe” hutaja kilichoijenga, “nyumba ya wageni” hutaja wapitao. Je, “la” hili ni lipi? Livingstone hakulijenga tembe hili wala hakulimiliki. Lilikuwa la wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa Unyanyembe. Stanley alifikia Kwihara mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, na Februari 1872 wakarejea wote wawili kutoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi 14. Mwenzake alibaki akisubiri wapagazi kutoka pwani, akaondoka Agosti 25. Basi jina zima limesimama juu ya ukaazi wa takriban miezi sita.

Wapagazi hao ndio wanaostahili swali letu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu, na baadaye maelfu yao walibeba mizigo ya misafara kwa ujira. Katika njia hiyo hiyo waliswagwa watumwa, wasio na ujira wala hiari. Tusiwachanganye. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang’anya Wanyamwezi biashara waliyoiendesha wenyewe. Kuwaita wote wapagazi ni kuifunika minyororo. Kwa vinywa vya watu hao, huru na wasio huru, Kiswahili kilifika Tabora, kikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo, muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912.

Kwihara iliwaona baadhi yao tena. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kuelekea pwani. Walipofika Kwihara, Oktoba mwaka huo, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Katika shauri lile la Kwihara, waliokuwa na kauli ya mwisho ni wabebaji.

Katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, nyumba za asili huonyeshwa kwa majina ya jamii zilizozibuni. Huko a-unganifu humtaja mjenzi. Kwihara humtaja mgeni, nasi tumezoea kumsikia kama mwenyeji. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, Kwihara ikiwa miongoni mwa vituo vyake, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Kinachoombewa hadhi hapo ni njia nzima, na njia ni ya waliotembea.

Sipendekezi jina lifutwe, kwa maana mgeni huyo alikaa kweli. Ninachoomba ni kwamba mwalimu apelekaye watoto Kwihara aanze na lile “la”. Awaulize tembe ni la nani, kisha awape nafasi wataje waliokanda udongo, waliobeba mizigo, na waliopita wakiwa wamefungwa. Hapo ndipo ziara yao itakuwa imeanza.