HISTORIA YA KADI YA WI-FI NGARA NA BIHARAMULO: KADI ILIFIKA, INTANETI IKAWA BADO NJIANI

Leo tunawapumzisha mastaa na ndoa zao. Tunaongelea kitu ambacho hakijawahi kupanda jukwaani lakini kimeliza watu kuliko nyimbo za kuachwa: ile kadi ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye kompyuta ya nyumbani. Na tunaiongelea kwa Ngara na Biharamulo, kule Kagera inakopakana na Rwanda na Burundi, maana ukiielewa ya kule umeielewa ya mikoani kote.

Wahusika wa leo siwataji majina. Hawajaomba kuwa maarufu, wana familia zao na kazi zao. Tuwaite tu Mwalimu, Fundi na Dada wa Steshenari. Ukijihisi ndo wewe, nyamaza, mimi sijasema.

TUANZIE MBALI KIDOGO

Haya mambo ya kompyuta kuongea bila waya hayakuanza juzi. Mwaka 1971 huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu waliunganisha kompyuta za kwenye visiwa kwa kutumia redio. Kwa nini redio? Kwa sababu katikati kuna bahari, na kuvusha waya baharini si kazi ya kitoto. Mtandao wao ukaitwa ALOHAnet.

Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu baadhi ya masafa ya redio yatumike bila leseni. Hapo ndo mlango ulipofunguka. Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha kwanza cha mtandao huu wa bila waya, spidi yake megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikaja kingine cha megabiti 11, na mwaka huohuo likazaliwa jina la Wi-Fi. Mwaka 2003 kampuni ya Intel ikaja na Centrino, na kuanzia hapo laptopu nyingi zikawa zinatoka kiwandani zikiwa na Wi-Fi tumboni.

Kompyuta ya mezani ikabaki yatima. Ndo ikatengenezewa kadi yake: kuna ile ya kufungua boksi la kompyuta na kuichomeka ndani, antena inachungulia kwa nyuma, na kuna ile ndogo kama flashi ya kuchomeka kwenye tundu la USB.

Sasa shika hili, maana ndo roho ya stori nzima. Kadi hii ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo tayari ina intaneti. Kwa wenzetu ilikuwa hivi: laini ya simu ya mezani inaingia ndani, inakutana na modemu, modemu inakutana na ruta, halafu ruta inarusha mawimbi sebuleni. Kadi ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo. Haileti intaneti, inapokea iliyokwisha kuletwa.

HUKU KWETU MNYORORO ULIKUWA HAUPO

Tanzania tuna historia yetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kuleta matatizo. Televisheni nazo zikaingia kwenye marufuku hiyohiyo. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, lakini pengo lilikuwa limeshakaa. Tanzania Bara ilianza kuona stesheni yake ya televisheni mwaka 1994. Intaneti ikafuata miaka hiyohiyo ya tisini, ikaanzia Dar, na ilikuwa ya setilaiti, ghali mno. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009.

Ukiwa Ngara, Dar ni safari ya zaidi ya siku. Umeme wenyewe wa Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mafuta yakisuasua, giza. Laini za simu za mezani zilikuwa za maofisini na kwenye misheni. Nyumba ya mtu wa kawaida kuwa na waya wa simu? Labda kwenye sinema.

Ila kitu cha "bila waya" Ngara walikijua mapema sana, na hapa ndo watu wengi mnapowaonea. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakakaa Benaco. Mwaka 1995 ikaanzishwa Radio Kwizera hapohapo Ngara, na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji pia. Watu walinunua redio ya betri, wakazungusha kitufe, sauti ikaja. Hakuna waya, hakuna fundi, hakuna bili.

Kwa hiyo mtu aliyekulia hapo ukimwambia "kadi ya intaneti bila waya", akilini mwake inakuja nini? Redio! Nunua kipokeo, washa, mawimbi yapo angani. Huo si ushamba wadau. Hiyo ni akili inayofuata ilichokiona.

MWALIMU NA TAA YA KIJANI

Mwalimu wa sekondari huko Biharamulo alinunua kompyuta ya mtumba kule Kahama. Muuzaji akamwongezea na kadi ya Wi-Fi, mpya kwenye boksi, juu imeandikwa maneno matamu ya spidi. Mwalimu akapanda gari, Nyakanazi, Lusahunga, mpaka nyumbani, boksi amelipakata kama mtoto mchanga.

Akafungua kompyuta mwenyewe kwa bisibisi. Kadi ikaingia, sidii ikasoma, programu ikakubali, taa ya kijani ikawaka. Jirani wakaja kushuhudia. Kompyuta ikatafuta mtandao, ikatafuta, ikatafuta. Hola.

Akampigia muuzaji.

"Ndugu yangu, mbona hii kitu taa inawaka lakini hakuna intaneti?"

"Mwalimu, kwani hapo nyumbani una ruta?"

"Ruta ndo nini tena?"

Muuzaji akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi Mwalimu, ukija tena Kahama tutaongea."

Kadi ilikuwa nzima kabisa. Kadi za kawaida za namna ile ndani ya nyumba zinafika kama mita 30 hivi, na ndani ya mita 30 za nyumba ya Mwalimu kulikuwa na migomba, banda la kuku na jirani. Hakuna aliyekuwa anarusha. Alichokosa Mwalimu ni mtu wa kumwambia kabla hajalipa. Hela ilikwenda, na shuleni wenzake wakampa jina la utani ambalo silirudii hapa.

FUNDI NA STORI YA KUKU NA YAI

Fundi wetu yuko Ngara mjini. Yeye wateja wake walikuwa na tatizo lingine: draiva. Kwa asiyejua, draiva ni ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kadi. Windows XP, ambayo ilikaa kwenye kompyuta nyingi za mtumba, ilikuwa haina draiva za kadi nyingi zilizokuja baadaye. Unachomeka kadi, kompyuta inakuonyesha alama ya mshangao ya njano, basi.

Sidii ya draiva ipo kwenye boksi, ndogo ya duara. Ila msomaji wa sidii kwenye kompyuta ya mtumba amekula vumbi, hasomi. Draiva unaipata wapi? Kwenye intaneti. Na intaneti unaipataje? Kwa kadi. Na kadi inataka nini? Draiva. Umeona hiyo?

Fundi akawa anakwenda na flashi kwenye intaneti kafe, anashusha draiva, anarudi nayo pamoja na virusi vya bure. Kibaya zaidi, boksi mbili za jina moja, picha moja, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, kwa hiyo draiva iliyokubali kwa mteja wa Jumatatu inagoma kwa mteja wa Jumanne. Wateja wakaona anawala hela. Mmoja alimwambia mbele za watu, "Mdogo wangu, wewe unajifundishia kwenye kompyuta yangu." Na Fundi hakuwa tapeli. Alikuja kujifunza kusoma namba ya chipu kwenye kadi yenyewe badala ya kuamini boksi, na leo ana flashi ya draiva anayoitunza kuliko leseni ya pikipiki.

SIMU IKAGEUKA RUTA

Mei 2010 Google walitoa Android 2.2, na ndani yake simu iliweza kurusha Wi-Fi yake yenyewe, ile tunayoiita hotspoti. Simu za bei nafuu zenye uwezo huo zilipofika mikoani, yule mtu aliyekosekana kwenye mnyororo akawa amepatikana. Mnara unampa simu, simu inampa kadi, kadi inampa kompyuta. Kadi zilizolala kabatini zikaanza kutoka, ya Mwalimu ikiwemo.

Dada wa Steshenari yuko Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi. Kompyuta moja, kadi ya USB, simu ameiweka dirishani. Kazi yake kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya vyuo na ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, maana mambo hayo yalishahamia mtandaoni. Kwa mtoto wa mkulima wa kahawa, fomu hiyo ndo chuo chenyewe.

Tatizo la kwanza: mpakani simu inaweza kudaka mtandao wa nchi jirani, salio likaliwa bila taarifa. Akajifunza kuchagua mtandao kwa mkono. Tatizo la pili: usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilipozima simu feki, simu yake ya hotspoti ilikuwa mojawapo. Duka zima likakata mawasiliano. Akakopa kwenye kikoba akanunua nyingine.

La tatu ndo lilimuumiza. Kompyuta ikiona Wi-Fi inadhani iko kwenye nyumba yenye intaneti ya kumwaga, hivyo inaanza kujishushia masasisho yake kimyakimya. Siku ya mwisho ya maombi, fomu ya kijana wa Rulenge ikiwa nusu, bando likaisha. Usiku ule maduka ya vocha yalikuwa yamefungwa na simu haikuwa na hela. Yule kijana alikaa nyumbani mwaka mzima akilima na baba yake. Aliomba tena mwaka uliofuata.

KABLA HUJATOA HELA

Kwa hiyo mdau, yaliyowakuta hawa watatu ni jambo moja: kifaa kilichotengenezwa kwa nyumba ya mtu mwingine, kikauzwa kwetu bila maelezo. Ukitaka kufunga kadi leo, uliza hivi:

Nani anarusha? Kama huna ruta wala simu ya hotspoti, kadi haitakusaidia.

Windows gani? Kuanzia Windows 7 draiva nyingi zimo ndani, ila usibahatishe. Omba muuzaji aichomeke uone inakubali.

Unaiweka wapi? Antena ikiwa nyuma ya boksi la chuma, chini ya meza, pembeni ya ukuta wa tofali, utalalamika bure. Ile ya USB itundike juu kwa waya wa kurefusha.

Bando je? Kwenye Windows 10 na 11 nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie kompyuta kuwa intaneti yako ni ya kupimiwa. Itapunguza sana kujishushia vitu bila ruhusa. Dada wa Steshenari sasa anafanya hivyo kila asubuhi kabla hajafungua mlango.

Na mtu akikuambia watu wa Ngara na Biharamulo walikuwa washamba wa Wi-Fi, muulize yeye ya kwao nani aliifunga.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe kadi yako ya kwanza ilikufanyia nini? Dondosha hapo chini, na ukimtaja fundi wako usimtaje jina!