Mtu Mzima, Ajuza na Utimamu

Feri ikishusha mlango upande wa Likoni, watu hawashuki, wanamwagika. Kati ya mikokoteni, baiskeli na wanafunzi waliochelewa, sauti moja hukemea: "Mpisheni mtu mzima!" Nafasi hupatikana, hata kama ni ya kupenyeza bega tu, na bibi huanza kuupanda ule mwinuko wa kwenda steji.

Nalipenda neno hilo. Mzima ni mkate usiomegwa, ni chungu kisicho na ufa, ni jibu la anayejuliwa hali asubuhi. Kumwita bibi wa miaka 75 mtu mzima ni kudai kwamba umri haujamega kitu.

Ajuza halina adabu hiyo. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushindwa, mzizi uleule uliotupa ajizi, yaani ulegevu, na muujiza, jambo linalowashinda watu kuliiga. Mwenzake wa kiume ni shaibu, nalo asili yake ni mvi. Tazama dhuluma hiyo: mwanamume akizeeka lugha inamwona nywele, mwanamke akizeeka inamwona udhaifu. Kisha lipo kupiswa, kupungukiwa na akili kwa sababu ya uzee. Vijana wengi hawalijui tena. Wao husema "amerudi utoto", na hapo wanacheka.

Neno ninalolitetea ni timamu. Nalo ni la Kiarabu, la ukoo wa timia na timilifu. Sheria inataka mpiga kura awe na akili timamu. Walimu wa michezo wanafundisha utimamu wa mwili. Neno moja, shughuli mbili, wala hakuna aliyeona ajabu. Kiswahili kiliziweka akili na miguu chumba kimoja kabla hatujaambiwa kwamba ni jirani.

Watafiti wamelifikia jambo hilo kwa kuhesabu. Mwaka 2001 Kristine Yaffe na wenzake walichapisha habari za wanawake 5,925 wa Marekani, wenye miaka 65 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka 6 hadi 8. Waliokuwa wakitembea zaidi mwanzoni ndio ambao akili zao hazikushuka sana. Huenda pia akili inayoanza kulegea ndiyo inayomketisha mtu. Kamba hii inavutwa pande zote mbili. Mwaka 1997, kutoka Umeå, Uswidi, ilikuwa imeripotiwa kwamba wazee wanaolazimika kusimama wakisemeshwa njiani ndio walio karibu zaidi kuanguka. Kutembea kumbe nako kunataka fikira, na fikira ikiwa haba haitoshi kugawiwa hatua na maneno. Kwetu, ambako hupiti mlango wa mtu bila kusalimiana, kipimo hicho hakihitaji maabara.

Wala akili haishirikiani na miguu peke yake. Mtazame bibi anayesuka ukili. Miyaa imepasuliwa, mingine imetiwa rangi, vidole vinaupandisha huu na kuulaza ule huku mdomo ukisimulia harusi ya juzi. Hesabu ikimpotea kidogo tu, ua la mkeka linakwenda upande, naye hulijua kwa kidole kabla jicho halijaliona. Akili na ukili: sidai kwamba ni ndugu wa asili, ila wanaishi vizuri pamoja. Fikihi nayo ina istilahi yake. Mwenye kuswali akipotewa, hii ni rakaa ya tatu au ya nne, huongeza sijida mbili za kusahau. Kosa la kumbukumbu linalipwa kwa paji la uso.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipotaka kuwapima akili wazee ambao wengi hawakusoma, waliweka kando kalamu wakachukua njiti za kiberiti: mzee aoneshwe umbo, naye alipange. Swali jingine lilikuwa, daraja ni nini? Bibi wa Likoni angeuliza kwanza lipi: lile la Liwatoni lililoelea majini wakati wa korona, au lile kubwa tunaloahidiwa?

Kwa hiyo siridhiki tunapouita ugonjwa wa kupungukiwa na akili uzeeni "usahaulifu". Anayeugua hasahau majina tu. Mkono nao husahau kufunga kanga, na mguu husita kizingitini. "Ugonjwa wa akili" ni jina baya zaidi, maana mtaani husikika wazimu. Dimenshia linafaa hospitalini, lakini halimwambii mjukuu chochote. Mimi nasema kupungua utimamu: linagusa pande zote mbili, na halimtukani mtu.

Si ubishi wa kamusi. Ng'ambo ya mpaka wa kaunti yetu, Kwale, na juu kule Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la waliotishiwa. Mtu anayezungumza peke yake, anayetangatanga usiku, asiyemtambua mwanawe, hupewa jina kabla hajapewa daktari. Jina likiwa mchawi, hospitali haitajwi tena.

Basi bibi akipotewa na njia ya Timbwani aliyoipita maisha yake yote, au hatua zake zikifupika ghafla, msicheke wala msinong'one. Semeni utimamu wake unapungua, kisha mpelekeni akapimwe: presha, uziwi, hata ukosefu wa vitamini B12 huweza kuwa nyuma ya mambo haya, na mengine yanatibika. Na ile kazi ya mkono ambayo bado anaiweza, muachieni aifanye mwenyewe.