Sululu wa Mida Ametoka Wapi? Msimu wa Ndege Katika Vinamasi vya Kaskazini

Kusi ikilegea na demani ikaingia, nenda hori la Mida maji yakiwa yamekupwa. Utamkuta sululu, ndege wa rangi ya udongo mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, akichomoa kaa matopeni. Utotoni nilidhani ni wa hapa hapa. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kuwa ni mgeni, na kwamba kwao ni kwenye vinamasi na nyanda za baridi, kuanzia kaskazini ya Ulaya hadi Siberia. Tumjue basi kwao kulivyo.

Kinamasi cha kaskazini

Si bwawa kama yetu. Ni ardhi iliyojaa maji baridi, imefunikwa na mimea laini inayoshika maji kama sifongo. Mimea hiyo ikifa haiozi sawasawa, maana chini hakuna hewa. Hurundikana takriban milimita 1 kwa mwaka na kuwa mboji nyeusi. Kwa hivyo mita chache za mboji ni kazi ya maelfu ya miaka. Pembeni husimama misitu ya misonobari.

Soomaa huko Estonia, hifadhi ya taifa tangu 1993, maana ya jina lake ni nchi ya vinamasi. Finland nako kuna Patvinsuo, hifadhi tangu 1982. Wageni hupita juu ya njia za mbao, kama sisi tunavyopita daraja la mbao juu ya mikoko ya Mida.

Wanaoondoka na wanaobaki

Majani huko hupukutika kuanzia Septemba, lakini sululu hawangoji. Hujaza mafuta mwilini kwa wadudu na matunda madogo ya kinamasini, kisha wakubwa huanza safari mwezi wa Julai. Vijana hufuata baadaye, bila mtu wa kuwaonyesha njia.

Septemba ni zamu ya korongo. Hukusanyika kwa maelfu, mchana wakila mashambani, usiku wakilala wamesimama majini. Wengi hupitia Hungary, na baadhi hufika hadi Ethiopia. Msituni nako, kindege cha rangi ya kijani na manjano, chenye uzito wa gramu 10 hivi, husafiri usiku hadi Afrika, Kenya ikiwemo.

Wako wasiohama. Kuna aina ya kunguru mdogo wa misitu hiyo ambaye huficha chakula kwenye magome ya miti kama akiba ya baridi. Kuku mkubwa wa msituni naye huvumilia theluji kwa kula majani ya misonobari.

Namna ya kuwatazama

Watazamaji hutoka alfajiri na darubini, husikiliza kwanza, na hawaachi njia ya mbao. Kwenye kituo cha Hanko, ncha ya kusini ya Finland, ndege wanaopita wamekuwa wakihesabiwa tangu 1979, kuanzia jua linapochomoza. Wengine huvishwa pete yenye namba mguuni, mtindo ulioanzishwa na mwalimu wa Denmark, Hans Mortensen, mwaka 1899. Hapa kwetu A Rocha Kenya nao wamewavisha pete ndege wa ufukweni Mida.

Kwa nini nayaandika haya

Finland imekausha zaidi ya nusu ya vinamasi vyake, hasa ili kukuza miti ya mbao. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini nikifika Mida naona visiki vya mikoko na mifuko ya plastiki kwenye tope lile lile ambalo sululu amelivukia mabara. Watu wa kaskazini wakilinda pahali anapozalia nasi tukaharibu pahali anapolia, kazi yao imekwenda bure. Wakiharibu wao, tope letu litabaki bila mgeni.

Demani hii mpeleke mtoto Mida akawatazame kwa mbali, na mwambie asiwarushie mawe. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, andika namba zote, tarehe na pahali ulipomkuta, kisha upeleke habari kwa Makavazi ya Kitaifa. Namba hizo zitawaambia waliomvisha kwamba alifika salama kwetu.